Wafu Kumi na Wawili wa Safu ya Kumi na Nne

"Wafu hawafufuki, Stacy. Na wakifufuka, hawafufuki kumi na wawili kwa mpigo, tena wote kwenye safu yangu!"

Jedidah Kerubo alikuwa amesimama katikati ya shamba la majaribio huko Anoka, Minnesota, Marekani, daftari amelibana kwapani, kidole kimeelekezwa chini kama anayemkemea mtoto aliyemwaga uji. Stacy, msimamizi wao, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliangalia tableti yake, akaangalia safu, akaangalia tableti tena.

"Daftari lako la Aprili linasema safu ya kumi na nne ina mimea ishirini na mmoja hai," alisema. "Leo nimehesabu mara mbili. Ni thelathini na mitatu."

"Basi mtu ameigusa."

"Nani aje mpaka huku kugusa majani ya ng'ombe? Pengine uliwahi mno kuhesabu. Mingine huchelewa kuamka."

"Kuamka?" Jedidah alicheka bila furaha. "Kila mmoja niliubonyeza kwa kidole gumba. Imeoza, laini kama ndizi ya wiki mbili. Huko si kulala, huko ni kufa."

Stacy alishusha pumzi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Jedidah zaidi. "Jedidah, nikikosa kuamini hesabu ya safu moja, zile nyingine nitaziaminije?"

Pembeni, Birindwa alikuwa akikwangua tope kwenye sepetu. Huyu alikuwa mfanyakazi mwenzake, mzee wa miaka sitini na kitu, Mkongomani kutoka wilaya ya Walungu. Sepetu yenyewe ilikuwa imeshatakata, lakini yeye alikwangua tu, kichwa chini, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jedidah aliona. Macho yake hayakosi kitu.

Kazi yao, kwa asiyeijua, ni hii. Watafiti wa Saint Paul wanatafuta alfalfa, yale majani ya ng'ombe yenye maua ya zambarau, itakayovumilia baridi ya Minnesota na bado itoe lishe nyingi. Hakuna uchawi ndani yake. Wanapanda mamia ya mimea, kila mmoja peke yake, hatua moja kutoka kwa mwenzake, kisha wanaiachia baridi ifanye uuaji. Theluji ikiyeyuka, wanahesabu. Iliyokufa imeshajibu swali. Iliyobaki hai, wale mashujaa wachache, inang'olewa na kuwekwa pamoja chini ya wavu na mzinga wa nyuki ili izae. Mbegu hiyo inapandwa, baridi inaiua tena, inahesabiwa tena, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo shamba zuri la kazi hii ni baya kulitazama. Lina mapengo kila mahali, na mapengo hayo ndiyo mali.

Baridi ya mwaka huo ilikuja na hila. Theluji, ambayo kwa alfalfa ni blanketi, ilichelewa. Halafu Januari mvua ikanyesha juu ya ardhi iliyoganda, ikawa bamba la barafu, na mizizi ikakosa hewa humo chini. Ndiyo maana safu ya kumi na nne, yenye mimea arobaini, ilizika kumi na tisa. Jedidah aliwaandika wote kwa kalamu ya wino mwisho wa Aprili, akapanda ndege kwenda Dallas kwa mahafali ya mtoto wa dada yake, na siku tisa baadaye alirudi akakuta maiti kumi na wawili wamesimama wima na kuvaa kijani.

Na mambo yalitokea wakati gani? Wakati ambao kazi ilikuwa mezani. Watu wa kupanda na kuchimba walikuwa wawili tu, Jedidah na Birindwa, wote wa msimu, wanaitwa Aprili na kuachwa Novemba. Kuanzia Julai nafasi moja ingekuwa ya kudumu, yenye bima ya afya. Moja, si mbili. Stacy angeamua Ijumaa ya kwanza ya Juni. Jedidah alikuwa na miaka hamsini na mbili, presha, na mgongo ambao miaka kumi na minne ya kuinua wazee katika makao ya kuwatunzia huko Maple Grove ilikuwa imeumaliza. Dawa hazingojei msimu. Aliihitaji kazi ile.

"Birindwa," alijisemea akikunja daftari. "Kumbe ni wewe, mzee wa watu."

Lazima niseme wazi kwamba Jedidah si mtu wa kuamini upesi. Dukani hafungi paketi ya mayai mpaka ayageuze moja moja. Risiti huisoma akiwa ndani ya gari, injini imezimwa, na ole wake mwenye duka. Kanisani kwao, mjini Crystal, mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, Jedidah hufumba moja. Watu humcheka, naye huwaambia, "Chekeni. Nyinyi hamkumwagiwa maziwa."

Maziwa hayo yalikuwa ya mama yake. Kule kwao Nyamira, Jedidah akiwa na miaka kumi na minne, amemaliza darasa la nane na hana karo ya kuendelea, yeye na mama yake walikuwa na ng'ombe mmoja, Nyaboke, na matuta manne ya napia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Kila asubuhi alibeba kibuyu cha maziwa hadi kwenye kituo cha kukusanyia. Msimu mmoja wa mvua nyingi, mwenye kituo alitumbukiza kipimo chake, akatazama, akasema, "Haya mmeongeza maji." Akayamwaga barabarani mbele ya foleni nzima. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mama yake alikwenda mwenyewe, akaapa kwa kaburi la baba yake, nao wakamcheka. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Maji, na aliitwa hivyo mpaka kufa.

Hakuongeza hata tone. Ilimchukua Jedidah miaka thelathini na kazi ya Anoka kujua kilichotokea. Siku moja Stacy alikuwa akieleza kwa nini wanataka lishe yenye nguvu, si wingi wa majani tu. Akasema ng'ombe akilishwa majani machanga yaliyojaa maji, maziwa yake huwa mepesi, na kipimo kinaweza kumsingizia mwenye ng'ombe. Jedidah aliacha jembe, akaenda nyuma ya banda la mashine, akalia mpaka pua ikaziba. Napia ya mvua! Ilikuwa napia ya mvua. Hakuna mtu aliyekuwa na akili ya kuuliza ng'ombe alikula nini.

Basi mwanamke wa namna hiyo unapomwambia hesabu yake haiaminiki, umemwaga maziwa tena.

Jioni ile ya Jumatatu akiendesha gari peke yake kurudi Crystal, alianza kupanga ushahidi. Peke yake, na hilo nalo lilikuwa ushahidi. Birindwa alikaa fleti za mtaa wa pili, hajui kuendesha, na tangu Aprili alikuwa akipanda gari la Jedidah kila siku, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini hadi Jedidah anamwambia, "Mzee, ama uimbe ama unyamaze, usininong'oneze." Lakini tangu arudi Dallas, mzee hapandi tena. Eti mkewe Bernardine amebadilishiwa shifti, anamleta mapema. Mapema afanye nini?

La pili, sambusa. Sambusa za Bernardine zilikuwa zimefika mezani kwa Stacy mara tatu ndani ya wiki mbili. Mtu hapeleki sambusa bure kwa anayeshika kalamu.

La tatu, kikombe.

Kwa mama yake Jedidah kulikuwa na sheria ya mbegu. Mbegu haiuzwi kwa jirani, wala haitolewi bure. Inakopeshwa kwa kikombe, na baada ya mavuno kikombe kinarudi kimejaa mpaka kinamwagika. Mwaka juzi Bernardine alionja chinsaga za Jedidah kwenye chakula cha kanisa, zile mboga zenye uchungu mtamu, akaomba mbegu. Jedidah alimpa Birindwa kikombe kizima, kile cha bati cha buluu alichotoka nacho Nyamira. Mavuno ya kwanza yakapita, kimya. Ya pili yakapita, kimya. Kila akigusia, "Mzee, chinsaga zinaendeleaje?" Birindwa alijibu, "Tunamushukuru Mungu, Mama Joan," akageukia dirisha. Mboga za watu amekula, kikombe amekalia, na sasa anataka na kazi.

"Mtu asiyerudisha kikombe," alimwambia bintiye Joan akipika ugali usiku, "atarudisha nini?"

Joan, miaka kumi na saba, simu mkononi, alimjibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba pengine amemuonea tu yule mzee mpole.

"Mpole! Paka naye ni mpole mpaka ugeuke."

Kesho yake, Stacy akiwa Saint Paul kwenye mkutano na Birindwa akifyeka upande wa barabara, Jedidah alipiga magoti kwenye safu ya kumi na nne, namba tisa, mmoja wa wale waliofufuka. Alichimba taratibu kwa mikono. Alfalfa iliyokaa mahali pake miaka miwili hushusha mzizi mmoja mrefu, mnene kama mpini wa mwiko, usioweza kuufikia mwisho wake. Huu ulikuja wote mkononi. Ulikuwa mfupi kama kiganja, na chini ulikatwa mkato mmoja, safi, kama muwa uliopigwa panga.

"Haa!" alisema kwa sauti. "Umehamishwa, mwanangu. Nani kakuhamisha?"

Alikwenda safu za mpakani, zile zinazopandwa kuzunguka shamba ili upepo na mbwa wa watu visiguse majaribio. Hizo hazihesabiwi na mtu. Alihesabu yeye. Mashimo kumi na mawili yaliyofukiwa, yakakanyagwa na buti, yakafunikwa majani makavu.

Ule mzizi aliufunga kwenye mfuko wa plastiki, akauweka kwenye friji nyumbani, kati ya sukuma wiki na maziwa. Joan alipiga kelele kuuliza ni kitu gani kile.

"Ni shahidi," Jedidah alimwambia. "Usimguse."

Kitu kimoja tu kilimsumbua, na hakukipenda kwa sababu kilikuwa kinaharibu kesi yake. Ile mimea kumi na miwili ilikuwa imepandwa vizuri mno. Kila mmoja ulikuwa umefanyiwa kisahani cha udongo kuzunguka shina ili maji yasikimbie, maana udongo wa Anoka ni mchanga mtupu. Kila mmoja ulikuwa na kivuli kidogo cha nyasi kavu upande wa jua la mchana. Mtu anayetaka kukuchafulia jina anahangaika hivyo? Anamfunika mtoto wa watu asiungue?

"Ni ujanja," alijiambia. "Anataka ishike vizuri isijulikane." Lakini alilala vibaya.

Jumamosi alimwambia Joan anakwenda Maple Grove kununua viatu. Badala yake alishika barabara ya Anoka, akaficha gari nyuma ya banda la mashine, akakaa humo na chupa ya chai. Alijua atakuja. Mapengo saba yalikuwa bado.

Saa tatu kasoro gari la Bernardine likasimama langoni, likamshusha mzee, likaondoka. Birindwa alivaa koti lake la Jumapili, lile la kahawia. Mkono mmoja ndoo ya maji, mwingine sepetu. Alitembea moja kwa moja hadi safu ya kumi na nne, akainama, akaanza kumwagilia kila mmoja kwa kopo, polepole, akiimba ile kwaya yake.

"Simama hapo hapo, mzee!"

Birindwa aliruka. Maji yakamwagikia viatu. "Yesu! Mama Joan! Unataka kuniua?"

"Nani anaua na nani anafufua hapa? Sema!"

Jedidah alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina. Hakujiandaa kwa kilichofuata. Mzee alicheka. Alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Basi umejua! Mi nilikuwa nasema na Bernardine, huyu mama ataona siku gani? Angalia. Yote imeshika. Kumi na mbili, hata moja haiko inakauka." Kisha akaangalia pengo lililokuwa namba tisa, uso ukakunjamana. "Ila ile moja imetoka. Labda sungura."

"Sungura ni mimi," Jedidah alisema. "Nani alikutuma?"

"Nani anitume? Ni deni."

"Deni gani?"

"La kikombe, Mama."

Jedidah aliweka mikono kiunoni. "Hebu nisikie."

Birindwa aliweka kopo chini kwa adabu, kama aliye mbele ya wazee. "Ile mbegu yako haikuota. Hata moja. Mwaka ule nilipanda, ikakataa. Nitakuambia nini? Kwamba mbegu yako ni mbaya? Ni matusi. Na kikombe cha mtu hakirudi mutupu, ile hata kwetu haiko. Basi kikakaa, kinaniangalia kila asubuhi juu ya kabati. Sasa ukaenda Dallas. Napita hapa, naona safu yako iko na matundu matundu, kama kinywa cha mutoto anabadili meno. Nikasema, aa, Stacy akiona hii atasema huyu mama hajue kulima, kazi ya Julai atanipa miye. Mi nipate kazi na deni juu yake? Nikajaza. Ulirudi mbele ya mi kumaliza."

"Na Jumatatu, ulipoona naaibishwa mbele yako?"

"Stacy anasema thelathini na tatu, thelathini na tatu. Ile nilielewa. Namba kubwa ni muzuri. Wewe unapiga kelele. Nikafikiri huyu mama ni wa ukweli sana, anakataa sifa ambayo si yake. Kiingereza yenu inakimbia, Mama Joan. Nikasema nikinyanyua kichwa ataniuliza, na mi nilikuwa nataka nimalize kwanza, halafu nikuambie."

"Na gari langu umelikimbia kwa nini?"

"Nije mapema kumwagilia. Ni mchanga hii."

Jedidah alimtazama usoni, akitafuta ufa. Alimtazama kama anavyotazama yai kwenye mwanga. Akaangalia visahani vya udongo. Akaangalia vile vivuli vidogo vya nyasi. Akaangalia koti la Jumapili, ambalo mtu hawezi kulivaa kwenda kufanya hila. Ufa haukuonekana, na akaudhika kwa kuukosa.

"Mzee Birindwa," alisema. "Hapa wanataka iliyokufa."

"Wanataka nini?"

"Mapengo. Hiyo ndiyo kazi. Wanapanda ili baridi iue, wajue ipi haifi. Pengo ni jibu. Wewe umefuta majibu kumi na mawili, ukaweka alfalfa ya mpakani, ambayo si ya ukoo huu. Stacy angeichagua hiyo izae. Tungemkabidhi mkulima mbegu ya uongo, baridi ije imuulie shamba lote."

Birindwa aligeuza ndoo, akaikalia.

"Lakini kule Saint Paul," alisema mwishowe, sauti imekuwa ndogo, "miaka miwili niko kwenye nyumba ya kioo ya miche. Kazi yangu ni trei. Mche ukikufa, weka mwingine. Pengo likionekana, bosi anasema, Birindwa, jaza. Mi nimeletwa shambani Aprili hii tu. Hakuna mutu aliniambia kwamba huku pengo ni kitu."

Hilo Jedidah hakuwa amelifikiria. Ni kweli, trei hujazwa. Na kwao Nyamira, na kwao Walungu, na kokote watu wanakula walichopanda, mahindi yasipoota shimo moja unarudi na mbegu nyingine. Ni mvivu tu anayeacha shimo wazi. Mzee alikuwa amefanya kosa ambalo mkulima mbaya asingelifanya.

"Sasa tufanye nini?" Birindwa aliuliza. "Tunaweza kung'oa sasa hivi. Zote. Jumatatu Stacy atahesabu ishirini na moja, daftari yako itakuwa na haki."

Nisiwadanganye, Jedidah alilipima. Lilikuwa jepesi, lilikuwa karibu, na hapakuwa na mtu ila ndege. Dakika ishirini na sepetu mbili. Lakini aliwaza Stacy akihesabu tena, akakuta ishirini na mmoja, akamtazama yeye kwa jicho jipya: kumbe safu hii huongezeka na kupungua ikiachwa na Jedidah.

"Mama yangu alimwagiwa maziwa," alisema, "na hakuna aliyejua kwa nini mpaka akaingia kaburini. Mimi nataka ijulikane kwa nini."

"Atanifukuza."

"Labda."

"Utasema ni mimi?"

"Nitasema kilichotokea. Jina utalitaja mwenyewe, kama unataka."

Birindwa aliitikia kwa kichwa taratibu. Walirudi Crystal wote, kwa gari la Jedidah, na hakuna aliyeimba.

Jumatatu, kabla Stacy hajafunga mlango wa gari lake, mzee alikuwa mbele yake, kofia mkononi. Kiingereza chake alikuwa amekifanyia mazoezi na watoto wake Jumapili nzima. Alikitoa kwa vipande, kila kipande kama jiwe: mimi, nilipanda, kumi na mbili, kosa langu, si la Jedidah. Jedidah akatoa mfuko wenye ule mzizi. Kisha wakaenda safuni, akachimba mmoja wa walionusurika kwa haki, nusu tu, Stacy aone mzizi unavyozama, halafu akang'oa mmoja wa waliohamishwa, aone ulivyokatwa.

Stacy alipiga magoti mchangani. Alishika ile mizizi miwili iliyokatwa, wa mfukoni na wa sasa, akailinganisha na ule uliozama. Jedidah alimtazama shingo, maana Stacy akikasirika shingo huwa nyekundu. Ilikuwa nyekundu kidogo.

"Yote imetoka mpakani? Hakuna hata mmoja kutoka safu nyingine ya majaribio?"

"Kumi na mbili, mpakani," Birindwa alisema. "Naapa."

"Nilihesabu mashimo," Jedidah aliongeza, maana kiapo ni kiapo na shimo ni shimo.

Waling'oa yote iliyohamishwa. Stacy akaandika kwenye tableti ishirini na moja, akapiga picha. Akamwambia Birindwa kwamba kuanzia leo asiguse mmea wa shambani bila kuuliza, na kwamba yeye mwenyewe Stacy alikosea kumleta huku bila kumfundisha, na hilo angeliandika pia. Kisha akamgeukia Jedidah.

"Daftari lako lilikuwa sahihi."

Jedidah alisubiri neno "lakini". Kila sifa aliyowahi kupewa Marekani ilikuwa na mkia. Alisubiri mpaka Stacy akashangaa na kwenda zake. Hata barua ya kazi ya kudumu ilipotoka Juni, ikiwa na jina lake, aliisoma mara tatu akitafuta mtego, akampa na Joan asome. Birindwa alibaki wa msimu. Alipoambiwa alisema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo, na Jedidah alimuuliza mara mbili kama ni kweli.

Lakini hiyo Juni ilikuwa bado mbele. Jumatatu ile ya kung'oa, saa kumi jioni, alimshusha mzee mbele ya fleti zake. Birindwa alifungua mlango, akasita.

"Ngoja kidogo, Mama Joan."

Alirudi na kitu alichokifunga kwa kipande cha kitenge. Akakifungua dirishani. Kikombe cha bati, buluu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Haina kitu ndani," alisema. "Bernardine alitaka kuweka sukari. Nikamukatalia. Nikasema nitarudisha vile iko, na aibu yake."

Jedidah alikishika, akakigeuza juu chini, akakigonga kwa kidole. Bila kukusudia, alitazama kama kimepasuka. Hakikupasuka.

"Ulipanda lini zile chinsaga?"

"Aprili, kumi na tano. Jua lilikuwa kali siku ile. Nilivaa shati tu."

"Na wiki iliyofuata?"

"Theluji."

Jedidah alitazama usukani. Alijua, na alijua siku ile alipompa, kwamba chinsaga haipandwi Minnesota mpaka mwisho wa Mei, udongo ushike joto. Yeye mwenyewe alipoteza mbegu miaka miwili kulijua hilo. Na hakulisema. Kwa nini amfundishe mtu asiyemjua kila alichojifunza kwa taabu? Mbegu ameshampa, akili ajitafutie. Hivyo ndivyo alivyowaza.

"Mimi nilikuambia upande lini?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia," alisema, na neno hilo lilimtoka kama mfupa wa samaki. "Sheria ya mama yangu ina kipande cha pili, mzee, ambacho ungekijua kama ungefungua mdomo. Mbegu isiyoota haina deni."

"Kweli?"

"Sasa nikudanganye kwa nini? Hudaiwi kitu. Wala hukudaiwa."

Birindwa alikunja kile kitenge mara nne, kidogo kidogo. Hakusema asante. Alishika tu mlango wa gari kama mtu anayeshika bega.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu," Jedidah alisema akiwasha gari. "Ukichelewa nakuacha."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi mzee alikuwa kando ya barabara, kofia kichwani, chakula kwenye mfuko. Jedidah alimwona tangu kona. Hata hivyo aliangalia saa.